Barua kwa Mwanangu: Ni Nani Aliyeijenga Mlimba?

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Barua yako nimeipata, na shikamoo yako naiitikia, marahaba. Unaniuliza ni nani aliyeijenga Mlimba, kwa kuwa mwenzako wa kazini huko Dodoma amekwambia kwamba mji wetu ni zawadi ya Wachina. Unauliza pia kwa nini baba yako na mimi tuliiacha Njombe. Maswali hayo yana jibu moja.

Reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia inayopita hapa Mlimba, haikubuniwa kwa ajili yetu. Walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilibaki na shaba isiyokuwa na njia ya kuaminika ya kufika baharini, na nchi za Magharibi zilipokataa kutoa fedha, Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walikubaliana na China mwaka 1967. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na kufikia mwishoni mwa 1971 reli ilikuwa imetandikwa kilomita 502, kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba. Hapa ndipo tambarare ya Kilombero inapokomea. Mbele ni milima, mahandaki na madaraja marefu mpaka Makambako, huko kwetu Njombe, kipande kilichokuwa kigumu kuliko vyote, na ndiyo maana kambi kubwa ya ujenzi iliwekwa hapa. Katika kambi hiyo vijana wa Kitanzania walibeba kokoto na mataruma pamoja na Wachina, na ningependa mwenzako awakumbuke.

Lakini kambi ya ujenzi si mji, kwa sababu kazi ikiisha watu huondoka. Bondeni walikuwapo Wandamba na Wabena, wakulima wa mpunga na wavuvi, na katika miaka ya operesheni ya vijiji wengi wao walihamishiwa kando ya reli. Kilichowaunganisha na sisi wa milimani kilikuwa Kipisi, treni fupi iliyokwenda kati ya Mlimba na Makambako na kusimama hata kwenye vituo vidogo ambavyo treni kubwa ilivipita. Masika barabara ya Ifakara iligeuka tope, kwa hiyo mtu mwenye magunia mawili ya mchele hakuwa na tegemeo jingine.

Hapo ndipo mji ulipoota. Njombe tulikuwa na viazi, maharage na kabichi, na huku walikuwa na mchele, ndizi na samaki wakavu. Kila upande ulikitamani cha mwenzake. Treni haikusimama muda mrefu: mmoja alipanda haraka kupokea, mwingine akasukuma gunia dirishani kwa bega, na kila mchuuzi alilijua lake. Mimi langu nililishona mdomo kwa uzi mwekundu, nikipeleka mchele wa supa na wa shingo ya mwali, na wanunuzi wa Makambako waliutambua kwa harufu kabla sijafungua. Faida ya gunia moja ilinunua magunia ya msimu uliofuata, kisha matofali ya kuchoma, kisha bati. Mashine za kukoboa, nyumba za wageni na maduka unayoyaona karibu na stesheni yalianza hivyo, kwa fedha za wachuuzi, wengi wao wanawake, ambao hakuna jiwe la msingi lililoandikwa majina yao. Jambo hilo linanigusa sana.

Sisi tulishuka kwa sababu shamba la ukoo wa baba yako lilikuwa limegawanywa mpaka likabaki vipande, na huku serikali ya kijiji ilikuwa bado ikigawa ardhi kwa wageni walio tayari kufyeka. Mama mkwe alitukataza kwa ajili ya mbu, na malaria ilitusumbua kweli miaka ya mwanzo. Tulibaki kwa sababu mpunga tulioulima tuliweza kuupakia wenyewe, umbali mfupi kutoka mlangoni, tukauza kwa bei ya Makambako badala ya kumsubiri mlanguzi atupangie yake. Karo yako ya sekondari ilitoka humo.

Ni mimi mama yako.