Usiku wa mwezi mpevu Haad Rin

SWALI: Mimi na dada yangu tutahudhuria sherehe ya mwezi mpevu katika ufukwe wa Haad Rin, kisiwani Ko Pha-ngan, Thailand. Tujihadhari na nini hasa?

JIBU: Hofu yangu kubwa ni vile vindoo vya plastiki vinavyouzwa ufukweni, ambamo pombe kali huchanganywa na soda na kinywaji cha kuongeza nguvu, kwa kuwa utamu wake huficha ukali na mtu hulewa kabla hajajitambua; shuhudieni kindoo chenu kikichanganywa, wala msikiache mkienda kucheza. Vaeni viatu, kwani vipande vya chupa hufukiwa mchangani. Kamba ya moto, ile inayozungushwa ikiwaka ili watu wairuke, itazameni kwa mbali. Aliyelewa asiogelee kamwe, nanyi msiachane. Polisi wa watalii hupatikana kwa simu 1155.