Programu inajifunga ukibofya "Tuma Maoni"

Dada wa Nkuhungu, nimekupata: programu ya mauzo inapiga kazi vizuri siku nzima, ila ukibofya tu "Tuma Maoni" inajifunga bila hata ujumbe. Kabla ya lolote, nakili data zako kwenye fleshi. Na fundi akikimbilia kukupigia Windows upya, mkatalie kwanza.

Kwenye programu nyingi za Windows, dirisha la maoni ni ukurasa wa wavuti uliopachikwa ndani, mara nyingi kwa WebView2, kifaa cha Microsoft cha kuonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu. Hiyo ikiharibika, inaweza kuiangusha programu nzima. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika perfmon /rel, bonyeza Enter ifunguke kumbukumbu ya matatizo ya kompyuta, kisha tafuta alama nyekundu ya X kwenye siku ya tatizo na ufungue maelezo yake. Ukikuta EmbeddedBrowserWebView.dll, ambalo ni faili la WebView2, ingia Settings, Apps, tafuta WebView2 Runtime, chagua Modify halafu Repair. Hakikisha una bando, maana inapakua mafaili.

Likitajwa faili la kadi ya picha, sasisha draiva yake, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo.

Isipokubali, piga picha maelezo hayo uwatumie watengenezaji kwa baruapepe. Kompyuta yenyewe ikianza kujizima, hapo mwone fundi. Huenda tatizo si programu tena.