Faida haipungui, uliza waliokaa na baraza la wafanyakazi

Mmeuliza wiki hii kama wafanyakazi wakipewa sauti kwenye maamuzi faida ya kampuni itapungua. Mi niko ghala la vipuri huku Ujerumani mwaka wa sita, tuko kama 80 hivi na tuna baraza la watu 5, wenyewe wanaliita Betriebsrat, tunalipigia kura kila miaka 4.

Sasa jamani hili si chama cha wafanyakazi, haliruhusiwi kuitisha mgomo. Ila zamu na ovataimu bosi hapangi peke yake, na akimfukuza mtu bila kulisikiliza baraza kwanza ile barua yake ni karatasi tu, haina nguvu kisheria. Mwaka juzi walitaka tupige kazi Jumamosi, baraza likasema leteni oda tuzione, zikaletwa, kweli zilikuwa za kufa mtu, tukakubali Jumamosi 6 basi, na hakuna aliyenuna maana hesabu tumeziona kwa macho. Kiwandani nyumbani bosi akisema hali ngumu sote tulijua anatafuta wa kupunguza, hata siku anayosema kweli, mtu anafanya kazi jicho liko getini, hapo uzalishaji utatoka wapi?

Viti vya bodi ni habari nyingine. Sheria ya Ujerumani ya 1976 inawapa wafanyakazi nusu ya viti vya bodi ya usimamizi, ile inayowachunga wakurugenzi, kampuni ikizidisha watu 2,000, lakini kura zikifungana mwenyekiti anapiga ya pili na kwa kawaida yeye ni wa wenye hisa, kwa hiyo mnaoogopa kampuni kugawanywa kama nyama ya Idi laleni tu. Halafu Agosti 1994 kampuni mpya za hisa zenye watu chini ya 500 zilifutiwa sharti la kuwapa wafanyakazi theluthi ya viti vya bodi hiyo, za zamani zikabaki nalo, wachumi wakaja kuzilinganisha, mishahara hawakuona tofauti ya maana, na zenye viti ndo zilikuwa na mitambo zaidi. Kumbe!

Na Tanzania tusijifanye wageni, waraka wa Rais namba 1 wa 1970 ndo ulileta mabaraza ya wafanyakazi kwenye mashirika ya umma. Tatizo yalikuwa ya kushauri, na mkurugenzi ukimshauri anakushukuru vizuri kabisa, anamaliza chai yake, anafanya alichokuwa ameshaamua jana.