Siku Nane Zilizonitenganisha na Wanangu

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Nakuru ambaye amekuwa akiyasoma maandishi yangu tangu nilipohamia Birmingham. Aliniandikia kwa adabu kubwa: "Dada, wakala amenipatia nafasi ya kutunza wazee Uingereza, na anataka nusu ya malipo kabla ya mwisho wa mwezi. Baba yuko tayari kuuza kipande cha shamba. Naambiwa mke wangu atanifuata baada ya miezi sita. Unanishauri nini?" Nilimjibu usiku huohuo, kabla hata sijavua sare ya kazi, nikamsihi baba yake asiuze shamba. Tangu tarehe 22 Julai 2025 mwajiri wa Uingereza haruhusiwi tena kuleta mhudumu mpya wa wazee kutoka ng'ambo, na tangu tarehe 11 Machi 2024 mhudumu anayeomba viza ya kazi hiyo haruhusiwi kuandamana na mwenzi wake wala watoto wake. Kijana huyu alikuwa anauziwa vitu viwili, na vyote viwili havipo sokoni.

Jibu langu lilikuwa fupi, lakini tangu siku hiyo sijatulia, kwa sababu tarehe hiyo ya 11 Machi ninaijua kuliko ninavyoijua siku yangu ya kuzaliwa. Leo nitaieleza habari yake yote, jambo ambalo sijawahi kulifanya hadharani.

Mapema Desemba 2023 nilikuwa kwenye matatu, tukisubiri feri ya Likoni, Mombasa, redio ikisoma habari. Mtangazaji alisema kwamba Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, James Cleverly, ametangaza hatua za kupunguza idadi ya wahamiaji, na mojawapo ni kuwazuia wahudumu wa wazee kuja na familia zao. Serikali yake ilikuwa ikisema kwamba katika mwaka mmoja wahudumu wapatao 100,000 waliingia na wategemezi wapatao 120,000. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kufanya mahojiano ya kazi kwa njia ya video na kufaulu mtihani wa Kiingereza. Niliisikia habari hiyo vizuri kabisa, nikaipuuza. Nilijiambia kuwa hayo ni maneno ya wanasiasa wanaotafuta kura, na kwamba Waziri Mkuu mwenyewe, Rishi Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, hawezi kuwafungia mlango watu wa kwao. Nilikosea mara mbili katika wazo moja. Asili ya mtu haiandiki sera za serikali yake, na maneno ya waziri aliyesimama bungeni si porojo za barazani.

Cheti changu cha udhamini, ambacho mwajiri hukitoa ili mtu aweze kuomba viza, kilitoka katikati ya Februari 2024. Ada ya viza ya wahudumu wa afya ilikuwa £284 kwa kila mtu, karibu shilingi 50,000 za Kenya, nasi tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, mwanetu wa kiume aliyekuwa na miaka saba na mdogo wake wa kike wa miaka minne. Fedha za ada yangu peke yangu nilikuwa nazo mkononi. Fedha za wenzangu watatu zilikuwa zitoke kwenye chama chetu cha akina mama, na zamu yangu ya kupokea ilikuwa katikati ya Machi. Basi nikaamua kusubiri ili tuombe wote kwa pamoja, kwa sababu niliamini kwamba familia isiyoomba pamoja haiwezi kufuatana baadaye. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliamini tu.

Kanuni yenyewe ilisema vingine, na ilikuwa imechapishwa wazi mwezi huohuo wa Februari. Mhudumu aliyewasilisha ombi lake kabla ya tarehe 11 Machi alibaki na haki ya kuwaleta mwenzi na watoto wake hata baadaye. Ningelipa £284 zangu peke yangu tarehe 10 Machi, wanangu wangekuwa hapa leo. Niliwasilisha ombi langu tarehe 19 Machi. Zilipita siku nane.

Jambo linalonichoma zaidi ni kwamba tayari nilikuwa nimewahi kufundishwa somo hili. Dada yangu hufanya kazi ya kupanga maua katika shamba moja la Naivasha. Mwishoni mwa mwaka 2020 alikuwa akinipigia simu kila wiki akiwa na hofu, kwa sababu Uingereza, iliyokuwa imetoka katika Umoja wa Ulaya mwezi Januari, ilikuwa ikimaliza kipindi cha mpito tarehe 31 Desemba. Bila mkataba mpya, maua ya Kenya yangetozwa ushuru wa asilimia 8 yakiingia Uingereza. Tanzania, Uganda na Rwanda hazikuwa na hofu hiyo, kwani zimo katika kundi la nchi maskini zaidi ambazo bidhaa zake huingia bila ushuru, ilhali Kenya imo katika kundi la nchi za kipato cha kati. Mkataba ulitiwa saini London tarehe 8 Desemba 2020 na ukaanza kutumika Machi 2021. Tulifurahi, tukachinja kuku. Lakini sikujiuliza dada alijuaje mapema kiasi kile. Alijua kwa sababu msimamizi wake alikuwa amebandika tarehe zote ukutani kwenye banda la kupakia, na wafanyakazi walizisoma kila asubuhi kabla ya kushika mikasi.

Ndugu wasomaji, najua wengi wenu mnatamani niliyoyatamani mimi: kufika, kufanya kazi halali, kuwaita watoto, kujenga nyumbani. Kwa hiyo nawaomba mjifunze kupambanua mambo matatu ambayo redio zetu huyachanganya. Kuna tamko la waziri, kuna pendekezo linalopelekwa kwa wananchi ili watoe maoni, na kuna kanuni iliyowasilishwa bungeni ikiwa na tarehe ya kuanza. Tamko likitoka, anza kujiandaa. Kanuni ikitoka, itafute tarehe, kisha uulize swali moja tu: je, tarehe hii inahusu siku ya kuomba au siku ya kusafiri? Usimwulize wakala wala usiulize katika kundi la simu. Tovuti ya serikali ya Uingereza iko wazi kwa kila mtu na haidai hata senti moja kusomwa.

Nilifika Birmingham Mei 2024. Mwanzo wake sitausimulia, kwa kuwa baridi na upweke mmekwisha kuvisoma kwingine. Nitasimulia kuhusu mzee mmoja wa miaka 91 katika nyumba ninayofanyia kazi, ambaye mimi humlisha chakula cha jioni kwa kijiko. Jioni moja televisheni ilikuwa ikionyesha mjadala wa wahamiaji, na mwanasiasa mmoja akasema kuwa nchi imejaa. Mzee aliitikia kwa kichwa. Kisha akanitazama, akaushika mkono wangu uliobeba kijiko, akasema: "Si wewe, mpenzi. Ni wale wengine." Nilimfuta mdomo, nikaendelea kumlisha. Nilipofika nyumbani nililia, kwa sababu katika karatasi za serikali mimi ni wale wengine hasa.

Sisemi kwamba Waingereza hawana hoja. Idadi ya walioingia kutoa waliotoka ilipita 900,000 kwa mwaka kufikia 2023, nyumba ni ghali, na foleni za hospitali ni ndefu. Mtu anayesubiri upasuaji wa nyonga kwa miezi mingi ana haki ya kuuliza maswali. Lakini mjadala unapofika kwenye kodi, sisi huzungumzwa kana kwamba tunakula tu bila kuchangia, na hapo ndipo ninapotaka kila msomaji ajue hesabu zake. Chukueni mshahara wa £25,000 kwa mwaka, ambao ndio wangu kasoro kidogo. £12,570 za kwanza hazitozwi kodi ya mapato. Kiasi kinachobaki hutozwa asilimia 20, yaani £2,486, kisha mchango wa bima ya taifa wa asilimia 8, karibu £994. Jumla ni takriban £3,480 kila mwaka, nami kwa masharti ya viza yangu siruhusiwi kuomba msaada wowote wa fedha za umma. Kiwango hicho cha £12,570 hakijapandishwa tangu 2021, na katika bajeti ya Novemba 2025 Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, aliamua kisipandishwe hadi 2031. Mshahara ukipanda huku kiwango kikibaki palepale, sehemu inayokatwa kodi huongezeka hata kama hakuna waziri aliyetangaza kupandisha kodi.

Aprili 2025 mchango wa bima ya taifa ambao mwajiri hulipa kwa kila mfanyakazi ulipanda kutoka asilimia 13.8 hadi 15, na ukaanza kuhesabiwa kuanzia mshahara wa £5,000 badala ya £9,100. Niliposoma habari hiyo nilidhani ni shida ya mabosi. Kufikia kiangazi, zamu za ziada ambazo nilikuwa nikizifanya mara mbili kwa wiki zilikuwa zimebaki moja kwa mwezi, na fedha nilizokuwa nikituma nyumbani Likoni zikapungua. Ndiyo maana nasema bajeti yao ni bajeti yetu. Someni bajeti.

Sasa nije kwenye jambo ambalo Wakenya, Watanzania, Waganda na Wanyarwanda wengi hapa hawalijui, na ambalo linanitia fahari. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kwa kibali halali anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, hata katika uchaguzi wa bunge. Mimi nilikuwa na wiki chache tu nchini uchaguzi wa tarehe 4 Julai 2024 ulipowadia. Nilijiandikisha kwa simu, nikiwa kituo cha basi. Siku yenyewe niliingia katika ukumbi wa kanisa nikiwa nimeshika pasipoti yangu ya buluu yenye ngao ya Kenya, moyo ukinidunda, nikingoja kuambiwa kuwa nimepotea njia. Mama aliyekaa mezani aliifungua, akalinganisha picha na uso wangu, akapitisha rula juu ya orodha hadi kwenye jina langu, akalikata mstari na kunipa karatasi. Ndani ya kibanda palikuwa na penseli fupi iliyofungwa kwa uzi. Nilisimama mbele ya karatasi ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Serikali iliyonifungia watoto wangu nje ilianguka usiku ule, na kura yangu ilikuwa mojawapo.

Msinielewe vibaya. Serikali mpya haikuufungua mlango, bali ni hiyohiyo iliyofunga kabisa uajiri wa wahudumu kutoka ng'ambo. Novemba 2025 Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, alipendekeza muda wa kungoja makazi ya kudumu upande kutoka miaka 5 hadi 10, na kwa kazi za daraja la chini kama yetu miaka 15. Anayelipwa zaidi ya £50,270 kwa miaka mitatu angepunguziwa miaka 5. Utazame mpaka huo vizuri, kwa maana ndio uleule ambapo kodi ya asilimia 40 huanzia. Kwa pendekezo hili, thamani ya mhamiaji inapimwa kwa daraja lake la kodi, na anayemgeuza mgonjwa kitandani saa tisa usiku ili asipate vidonda vya mgongoni anahesabiwa wa chini. Nalikataa jambo hili kwa moyo wangu wote.

Lakini hili bado ni pendekezo, si kanuni, na tofauti hiyo nimeilipia. Ninapoandika haya, Januari 2026, serikali bado inapokea maoni, na itaendelea kuyapokea hadi tarehe 12 Februari. Yeyote anaruhusiwa kujaza fomu. Tarehe 7 Mei wakazi wa Birmingham tutachagua madiwani, na mwenye kibali ajiandikishe mapema. Tunzeni hati zenu za mshahara, kila mwezi, kwa sababu siku ya kuulizwa mlichangia nini hamtaulizwa kwa maneno. Na kijana wangu wa Nakuru, amenijibu kwamba baba yake ameahirisha kuuza shamba na kwamba mke wake anasomea uuguzi, jambo ambalo ni njia tofauti kabisa, bado iko wazi, na nitaieleza siku nyingine.

Fomu yangu niliijaza Jumapili usiku, mezani jikoni, baada ya zamu iliyodumu saa kumi na mbili. Nilipiga hesabu kwanza pembeni, kwenye bahasha. Kwa kanuni ya miaka 5 nitastahili makazi ya kudumu, ndipo niweze kuwaita wanangu, Mei 2029, mwanangu wa kiume akiwa na miaka 12. Pendekezo likipita lilivyo, itakuwa 2039, na wote wawili watakuwa wamevuka miaka 18, umri ambao mtoto huacha kuhesabiwa mtoto katika viza za familia. Fomu ilikuwa na nafasi ya maelezo ya ziada. Niliandika umri wao wa leo, tisa na sita, nikaandika tarehe 11 Machi na tarehe 19 Machi, nikaituma.