Kabla hujapiga picha kaburi la askari

Ukionekana na futikamba kwenye makaburi ya zamani hapa Tanga, watu wameshajua: unatafuta mali ya Mjerumani. Usibishane nao. Mimi nimelitumikia jeshi, nikaja polisi, nikastaafu. Bado mara ya kwanza vijana walinifuata na majembe, wakataka tugawane pasu kwa pasu. Siku hizi naanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, na sitoki hapo bila mwenyeji wa kufuatana naye.

Ukifika, chukulia jiwe ni eneo la tukio. Usiguse. Nililisugua moja kwa brashi ya waya ili jina lisomeke. Lilisomeka, kisha herufi mbili zikabanduka, na hadi leo naona haya. Nenda saa moja asubuhi, jua likiwa la ubavuni, maandishi yatajitokeza yenyewe. Nakili jina kama lilivyochongwa, hata ukiona limekosewa. Na namba ya jeshi usiiache: majina hufanana, namba husaidia kuwatofautisha.

Halafu ujiulize nani hayupo. Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walishusha Ras Kazone, hapa hapa Tanga, askari karibu 8,000, wengi wao Wahindi. Askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wapatao 1,000 tu, wakawarudisha baharini. (Wajukuu zangu wanachotaka kusikia ni habari za nyuki waliowauma wapiganaji siku hiyo, basi.) Baadhi ya waliokufa hapo utawakuta kwenye mawe. Je, wapagazi waliobeba risasi na unga mpaka 1918? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba waliokufa katika vita hiyo wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Hao watafute barazani. Ila usimuulize mzee "unajua nini kuhusu vita ya Mjerumani". Atakujibu ya darasani. Muulize nani katika ukoo wao aliondoka na mzigo asirudi. Bibi mmoja wa upande wa Muheza nilimuuliza hivyo, akanyamaza kitambo, akanitajia jina la babu yake na la baba wa babu yake. Nikaandika. Akasema, "Haya mwanangu, hebu nisomee ulichoandika." Nikamsomea. Nilikuwa nimeruka herufi moja, akanirekebisha.