Kombi ya zamani na kutu ya chini: kwa nyie mnaoanza kazi hii huku pwani

Nyie vijana mnaoingia kwenye kazi ya bodi, na wewe uliyenunua Kombi ya zamani ukasema utaifufua mwenyewe, nisikilizeni kidogo kabla hamjawasha grainda.

Juzi kati kijana mmoja kaniletea Kombi yake hapa Ngamiani, Tanga, ile Volkswagen ya kioo kimoja kipana mbele, zile Mjerumani alizoanza kuzitoa 1967 mpaka 1979 (Brazili wao wakaendelea na Kombi mpaka 2013), yake ni ile ya kulala, ina kitanda nyuma na paa la kunyanyua, anataka aipeleke Pangani na Lushoto na familia. Chini nyeusi tii inang'aa, kuna mahali ilipakwa lami akaambiwa hiyo sasa haiozi tena. Nikachukua bisibisi nikaisukuma taratibu tu pale chini ya mlango wa dereva, ikazama mpaka kwenye mpini. Kuitoa, kukaanza kumwagika mchanga uliolowa, mwekundu kama tope la Usambara, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki ya tatu. Yaani maji yalikaa humo ndani muda wote huo, juu kavu, chini inang'aa, katikati panaliwa.

Somo lenyewe liko hapo. Kombi haina chasisi ya peke yake kama lori, sakafu na reli, vile vyuma virefu vya chini vinavyotoka mbele kwenda nyuma, na yale maboksi marefu ya chini ya milango, tunayaita sili, vyote vimechomelewa pamoja na ndivyo vinavyobeba gari. Sili ina mabati matatu, la nje, la kati na la ndani, na katikati yake pako wazi. Maji hayatoki barabarani tu, mengi yanashuka kutoka juu, raba ya kioo cha mbele ikikakamaa yanapita yanashuka kwenye sakafu ya dereva, raba za vioo vya pembeni hivyo hivyo, reli ya mlango wa kusukuma, paa la kunyanyua, zile tundu za pembeni nyuma zinazopeleka hewa kwenye injini. Yote yanaishia kwenye sili. Chini kuna vitundu vya kutolea maji, sasa ukija na lami yako ukaviziba, umeijengea kutu kisima.

Nasema kwa uchungu kwa sababu hata mimi niliwahi kuifanya. Nilikuwa bado mgeni kwenye kazi, mzee mmoja wa Raskazone akaniletea gari yake, nikapiga brashi ya waya juu juu, nikapaka ile rangi nyekundu ya kutu, juu yake lami mikono miwili, mzee akafurahi akanilipa akaniombea na dua. Masika ya pili akarudi, pale pa kuwekea jeki pamekatika akiwa anabadilisha tairi njiani na mkewe kasimama pembeni. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, ulinifunikia." Nililitengeneza upya bila kumdai senti, na lile neno halijanitoka mpaka leo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuangalia na kusikiliza, wala si kupaka. Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga kila kitu. Bati zima linalia kali, bati lililooza linajibu kama unagonga boksi la karatasi. Gonga sili zote, gonga ile mikono inayotoka kwenye reli kwenda kwenye sili maana mwisho wake ndo pa jeki, gonga nyuma ya matairi ya mbele kwenye ngazi za kupandia, gonga matao ya matairi, halafu nenda kwenye chumba cha injini unyanyue betri, chini yake asidi inakula kimya kimya miaka na miaka. Bimu ya mbele, ile inayobeba matairi ya mbele, na reli zenyewe angalia kwa makini zaidi, hizo zikiwa zimeoza kwa kina usijitie ujasiri wa kuunga viraka, tafuta fundi mwenye uzoefu akae na wewe, hapo ni roho za watu.

Usalama nitausema kwa kifupi ila uushike. Jeki ni ya kunyanyulia, haikai na mtu chini, weka stendi nne imara, na usiziweke chini ya sili iliyooza hata kama ndo panapofikika. Toa betri. Toa tanki la petroli kabisa, kwenye Kombi liko nyuma karibu na injini, usije kusema halina mafuta, tanki tupu lenye mvuke ndo linalolipuka vibaya zaidi. Miwani na barakoa muda wote ukiwa unakwangua, vumbi la rangi za zamani si zuri kwenye mapafu. Na bati la zinki ukilichomelea moshi wake mweupe utakupa homa ya kutetemeka usiku udhani malaria, kwangua zinki kwanza pale unapounga, fungua milango upepo upite, na ile habari ya kunywa maziwa eti yanakinga, haikingi kitu.

Kukwangua sasa. Toa lami yote, hata ile inayoonekana imeshika vizuri, hasa hiyo. Pasha joto kidogo kwa ile mashine ya hewa ya moto uikwangue na patasi pana, kisha brashi ya waya ya grainda, kisha msasa, mpaka uone chuma cheupe. Itakuchosha, utalala chini siku nyingi vumbi linakuingia shingoni, lakini ukiacha kipande cha kutu cha ukubwa wa kucha chini ya rangi, bandubandu huisha gogo, kitatembea humo chini kwa chini. Vishimo ambavyo brashi haifiki paka ile dawa ya kutu ya asidi ya fosfori, inaigeuza kutu kuwa ngozi nyeusi iliyotulia, ila ukitaka kupaka epoksi, ile praima ya kuchanganya kopo mbili, juu yake ioshe kwanza na uikaushe kama maelekezo ya kopo yanavyosema, asidi ikibaki epoksi haigandi sawasawa. Watu wengi wanaruka hapa halafu wanailaumu rangi.

Na huku kwetu kuna jambo ambalo fundi wa Arusha anaweza asilijue. Upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka gereji, chumvi inavuta unyevu wa hewani na kuyafanya maji yakile chuma haraka, ukiacha bati tupu jioni asubuhi unakuta limeshapiga unjano. Kwangua kipande unachoweza kukipaka siku hiyo hiyo. Mimi naanza saa mbili asubuhi, ikifika saa tisa nimefuta na thina, saa kumi praima iko juu.

Kuchomelea: kabla hujakata sili, funga milango ikae sawasawa, halafu chomelea mabomba ya muda kwa ndani kuvuka uwazi wa mlango, maana ukikata sili bila kushikilia gari inalegea katikati na mlango wa kusukuma hautafunga tena maisha. Kata upande mmoja, umalize, ndo uende wa pili. Bati tumia la geji 18 hivi, tena tumia mashine ya waya na gesi, ile ya vijiti inatoboa mabati membamba. Gusisha nukta nukta ukihamahama ili bati lisipinde. Na usibandike kiraka juu ya kilichooza jamani, kata mpaka ufike kwenye chuma kizima ndo uunge, kiraka juu ya kiraka ni mfuko wa maji. Pale ambapo lazima mabati yapandane paka ile praima ya zinki ya kuchomelea juu yake ndani ya maungio kabla hujachoma, zinki inakubali kuliwa yenyewe ili chuma kisalimike. Puti, ule udongo wa kujazia mabonde ya bodi, chini ya gari hapana, sina la kuongeza.

Mfuatano wa kupaka ni epoksi kwanza, mikono miwili, halafu silanti, ile gundi ya kuzibia, kwenye kila maungio, halafu ile rangi nene inayovumilia mawe. Mkitaka kuuelewa vizuri huu mfuatano nendeni pwani mkawaangalie mafundi wa majahazi, marehemu babu yangu alikuwa mmoja wao. Anaanza kutoa ubao uliooza, hafuniki, kisha anakalafati kila upenyo kwa pamba, ndo mwisho kabisa anapaka deheni, yale mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, chini, na sifa, mafuta ya papa, kwenye mbao. Hakuna aliyewahi kupaka deheni juu ya ubao uliooza akategemea kufika Pemba. Silanti ni kalafati yetu, na ile rangi nene ni deheni.

Kabla ya silanti weka njiti za kiberiti kwenye vitundu vyote vya maji, ukimaliza kupaka zitoe. Nimeona kazi nzuri kabisa imeharibika kwa kusahau njiti.

Oili chafu najua wengi mnaipulizia chini, ni ya bure na baba zetu walifanya. Mimi naikataa, inavimbisha raba, mipira ya breki ikiwemo, inadondoka ardhini, na barabara ya vumbi inaigeuza kuwa tope linaloshika unyevu. Tumia waksi maalumu ya ndani ya maboksi. Na ukitoka ufukweni, hata kama umepaki tu Mwambani masaa mawili, osha chini kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, siku hiyo hiyo, ingiza mpira ndani ya matao, kisha paki sehemu yenye jua ikauke.

Hiyo waksi inaingia mwisho wa yote, gari ikiwa imekauka kabisa, na chagua siku ya jua kali ili iwe nyepesi itambae. Tumia mpira mwembamba wenye kichwa kinachorusha pande zote, uingize kwenye kitundu mpaka mwisho, uanze kupuliza huku unauvuta taratibu kurudi nyuma, kila boksi, kila mkono, reli zote. Tandika maboksi ya karatasi chini uende kulala. Asubuhi ukikuta mstari wa matone umefuata sili kuanzia mbele mpaka nyuma, waksi imefika kote na vitundu viko wazi. Ukiona pengo kwenye mstari, chukua waya, zibua pale juu yake, rudia.