Kofia ya rubani: wapi uivae, wapi uivue

Vijana wanaopata ajira ya kwanza ya urubani huniuliza mambo mengi, na kofia haikosi kuwamo. Ni lazima? Mbona wengine hawavai? Si ya kizamani? Mimi nimeruka na kampuni ambayo ukionekana bila kofia unaandikiwa barua, kisha nikaruka na nyingine isiyokuwa na kofia kabisa. Msimamo wangu leo ni huu: kama kampuni imekupa kofia na kukuachia uamuzi, ivae ukiwa kwenye jengo la abiria, na ivue kabla hujakanyaga lami ya maegesho ya ndege.

Kofia hii haikuanzia angani. Marubani wa mwanzo walivaa kofia za ngozi za kubana masikio, miwani mikubwa na majaketi mazito, kwa sababu walikaa wazi huku upepo ukiwachapa usoni. Miaka ya 1930, kampuni ya ndege ya Marekani, Pan American, iliyokuwa ikirusha ndege kubwa za kutua majini, iliwavisha marubani wake kama maofisa wa meli: koti la rangi ya giza, mistari ya cheo na kofia ya ukingo. Abiria wa enzi hizo alikuwa akipanda ndege roho mkononi, na alitakiwa aone mbele yake nahodha, si kijana mpenda hatari. Kampuni nyingine zikafuata, na ndiyo maana mpaka leo tunaitwa kapteni. Kwa hiyo tangu mwanzo kofia ilikuwa kwa ajili ya macho ya abiria. Haijawahi kusaidia ndege kupaa.

Kazi yake utaiona vizuri siku ndege inapochelewa. Watu wamejaa mlangoni, watoto wanalia, mhudumu wa kaunta ameulizwa swali lile lile mpaka sauti imemkauka. Toka ndani ya ndege, vaa kofia, nenda usimame karibu na kaunta, uwaambie kwa maneno ya kawaida: kuna kifaa kinabadilishwa, fundi yuko kazini, nitarudi kuwaambia tumefikia wapi. Halafu urudi kweli. Nimelifanya hilo nikiwa na kofia na nikiwa sina. Nikiwa nayo, watu hunyamaza na kugeuka kabla sijafungua mdomo. Nikiwa sina, nilisimama pale pale na mistari yangu minne mabegani, na mama mmoja akanisukumia sanduku lake nilipime. Simlaumu. Siku hizi walinzi, maofisa wa forodha na hata wasukuma viti vya magurudumu huvaa shati jeupe lenye vipande vya mabegani. Kinachobaki kumtofautisha rubani kwa mbali ni kofia.

Gharama yake ni kwamba utaulizwa choo kiko wapi. Utaulizwa pia kuhusu ndege za kampuni nyingine, mizigo iliyopotea, na kama leo angani kutakuwa na mtikisiko. Jibu kwa upole au elekeza. Kama siku hiyo huna nafsi ya kuulizwa, iweke kofia ndani ya begi upite zako. Kuivaa halafu kuwanunia watu ni vibaya kuliko kutoivaa.

Kwa marubani wanawake suala lina pande mbili. Rafiki yangu mmoja, kapteni, haiachi kofia yake kwa sababu bila hiyo abiria humwomba maji na blanketi wakidhani ni mhudumu. Lakini huyo huyo alihangaika sana kabla hajapata inayomkaa, maana kofia nyingi zimekatwa kwa kichwa cha mwanaume mwenye nywele fupi, na nywele zikifungwa kisogoni kofia inapanda juu kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Dai saizi yako, usikubali ya kubahatisha. Na kuna wanaovaa kilemba au hijabu. Kwa sababu hizo siungi mkono kofia ya lazima.

Sasa tutoke nje. Kwenye maegesho kofia ni takataka inayosubiri upepo. Injini ya jeti hufyonza hewa kwa nguvu ya kutisha, na kitu chochote kilicholegea kinaweza kuishia ndani yake na kuharibu mapanga. Jeshi la anga la Marekani lina sehemu za maegesho ambapo kofia haivaliwi. Ikikupeperuka, usiikimbilie, hata kama ni mpya. Mwambie mtu wa huduma za ardhini aliye karibu na usimame ulipo. Isitoshe, katika ukaguzi wa nje unatazama juu muda mwingi, kwenye tumbo la ndege, mashimo yanamokunjwa magurudumu, sehemu ya chini ya mabawa, na ukingo wa kofia unakuziba hasa pale unapotakiwa kuona. Wengi wamejigonga paji la uso namna hiyo. Hapo nje vazi lako ni fulana ya kuakisi mwanga.

Katika chumba cha marubani hakuna mjadala. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia marubani wa Marekani waliondoa waya wa kukazia kofia zao ili vipokea sauti vikae juu yake, na ile kofia iliyopondeka ikageuka kuwa fahari ya mzoefu. Ilipendeza kwao. Leo kuna barakoa ya oksijeni ambayo kanuni za Marekani zinataka ivalike kwa mkono mmoja ndani ya sekunde 5, bila kusumbua miwani. Miwani imefikiriwa, kofia haikutajwa. Itundike kwenye ndoano au iweke nyuma ya kiti. Usiiweke juu ya dashibodi, itaakisi kwenye kioo, wala karibu na vishikio vya kuongezea injini nguvu.

Mengine ni madogo. Usiivae mezani wakati wa kula. Usiiinamishe upande, kichwa wazi ni bora kuliko kofia ya mbwembwe. Usiikandamize sandukuni, ibebe kwapani. Na ukipimwa, usichukue inayobana ukiambiwa itaachia: utepe wa ngozi wa ndani ukishiba jasho hukakamaa na kusinyaa, na safari ikiwa ndefu utashuka na alama nyekundu kwenye paji la uso.